Mtaa wa Waenda kwa Miguu: Funzo Kutoka Mji wa Fresno

Miji kadhaa ya dunia imekabiliwa na swali moja: je, mtaa wa katikati ya mji uliotengwa kwa waenda kwa miguu ufunguliwe tena kwa magari? Kwa mtazamo wa haraka, swali hili ni la biashara na siasa tu. Lakini ndani yake mna hesabu, mna fizikia, na zaidi ya yote mna kanuni ya kutenganisha chanzo cha jambo na mambo yanayoambatana nalo. Kisa cha mji wa Fresno, katika jimbo la California nchini Marekani, kinafaa kutumiwa darasani kwa sababu hoja za pande zote mbili zilikuwa nzito.

Chimbuko la mtaa

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakazi wengi wa miji ya Marekani walihamia vitongojini, na maduka yakawafuata. Msanifu Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alipendekeza dawa: magari yazuiwe katikati ya mji, yaegeshwe pembezoni, na watu watembee kwa raha. Mji wa Kalamazoo ulitenga mtaa wa namna hiyo mwaka 1959, nao huhesabiwa kuwa wa mwanzo nchini humo.

Fresno ilifuata mwaka 1964. Vitalu sita vya mtaa wa Fulton vilifungwa kwa magari. Garrett Eckbo, mtaalamu wa usanifu wa bustani, alivipamba kwa miti, mabwawa, viti na sanamu. Miongoni mwa sanamu hizo ilikuwamo kazi ya Renoir. Kivuli hicho hakikuwa pambo tupu. Mwezi Julai joto la mchana mjini humo huzidi nyuzi 35 za Selsiasi kwa wastani. Mti hukinga mionzi ya jua, na maji yanayotoka majanini yakigeuka mvuke hupunguza joto la hewa.

Hoja mbele ya madiwani

Kadiri miaka ilivyopita, maduka makubwa yaliuhama mtaa huo na orofa nyingi zikabaki tupu. Waliotaka magari yarudi walisema kwamba mteja asiyeliona duka hawezi kuliingia, na kwamba dereva hupenda kuegesha karibu. Waliopinga walisema kwamba mtaa ule ulikuwa kazi ya sanaa yenye thamani ya kihistoria. Zaidi ya hayo, wazee na familia za kipato kidogo walikuwa na mahali pa kupumzika na kununua bila kuogopa magari. Kwa upande mmoja ilikuwapo riziki ya wenye maduka. Kwa upande wa pili, mahali pa umma ambapo pakivunjwa hapajengeki tena kama palivyokuwa.

Serikali kuu ya Marekani ilikubali mwaka 2013 kutoa karibu dola milioni 16 kwa kazi ya kuurudisha mtaa kuwa barabara. Mwezi Februari 2014 Baraza la Jiji liliamua kuufungua. Magari yalirudi rasmi mwezi Oktoba 2017, na sanamu zikawekwa upya kandokando ya barabara.

Je, kukosekana kwa magari ndiko kulikoua biashara?

Hapa mwanafunzi yampasa kuwa mwangalifu. Kwamba jambo la pili lilitokea baada ya la kwanza si ushahidi kwamba la kwanza ndilo lililolisababisha la pili. Mwaka 1970 kituo kikubwa cha maduka, Fashion Fair, kilifunguliwa kaskazini mwa Fresno. Isitoshe, mji wenyewe ulikua kutoka watu wapatao 134,000 mwaka 1960 hadi karibu 495,000 mwaka 2010, na sehemu kubwa ya ukuaji huo ilielekea mbali na kitovu cha kale. Wateja wangeweza kupungua hata kama magari yangeendelea kupita Fulton.

Njia bora ni kulinganisha. Mtaa wa Pearl mjini Boulder ulifungwa kwa magari mwaka 1977, na mtaa wa Church mjini Burlington mwaka 1981. Yote miwili ilistawi. Kinyume chake, mtaa wa State mjini Chicago, uliotengwa mwaka 1979 kwa mabasi na waenda kwa miguu, ulirudishiwa magari mwaka 1996. Kama kukosekana kwa magari ya binafsi peke yake kungeua biashara, Boulder na Burlington zisingestawi. Basi kuna sababu nyingine. Miji hiyo miwili ina vyuo vikuu karibu na kitovu chake, na wakazi wengi huweza kufika kwa miguu.

Hesabu ya nafasi na nishati

Nafasi ya kuegesha gari yenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5 huchukua mita za mraba 12.5. Tuseme mtaa una nafasi 100, kila gari hukaa saa moja, maduka hufunguliwa saa 10, na kila gari hubeba watu wawili. Hata nafasi zote zikijaa daima, watakaofika ni 100 × 10 × 2, yaani watu 2,000 kwa siku. Maegesho husaidia, lakini yana kikomo.

Usalama nao hupimika. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Gari la kilogramu 1,000 likienda kilomita 30 kwa saa lina jouli zipatazo 34,700. Likienda kilomita 50 lina jouli zipatazo 96,500. Kasi haikuongezeka hata maradufu, lakini nishati imekaribia mara tatu. Kwa hiyo mtaa unaofunguliwa tena lazima uwe na mwendo wa polepole.

Matokeo ya uamuzi wa Fresno yenyewe si mepesi kupima: mwaka 2020, miaka mitatu tu baada ya ufunguzi, UVIKO-19 ulivuruga biashara kila mahali. Anayeutetea uamuzi na anayeulaumu, wote hawana budi kwanza kuitenga athari hiyo.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Chagueni mtaa wa maduka ulio karibu na shule. Hesabuni wapitao kwa miguu na magari yapitayo kwa dakika 15, asubuhi na jioni, kwa siku tatu. Chora jedwali la matokeo.
2. Pimeni upana uliopewa magari na ule uliopewa watembeao. Je, mgawanyo huo unalingana na idadi mliyoipata?
3. Taja mambo mawili, mbali na magari, yanayoweza kuongeza au kupunguza wateja wa mtaa huo. Eleza jinsi ya kuyapima.
4. Fanyeni mjadala kama baraza la madiwani. Kila msemaji atoe hoja moja na aseme ni ushahidi gani ungemfanya abadili msimamo wake.