SOMO LA LEO: Kutoka pawatila hadi lori, njia ya mdada anayetaka kuendesha mitambo

Leo siongelei mbegu wala mbolea, naongelea mtu anayekaa juu ya mashine.

Huku kwetu bonde la Kilombero, kila mwaka kuanzia Novemba kilio ni kile kile: mvua zinakaribia, trekta lipo, dereva hayupo. Kapata kazi mjini, au ana foleni ya mashamba ya watu kumi. Ukichelewa kulima utachelewa kupanda, na mpunga uliochelewa unaweza kukosa maji wakati wa kuchanua. Wakati huo huo kijijini kuna wadada waliomaliza kidato cha nne, hawana shamba la urithi, wanaishi kwa vibarua vya kupalilia. Kwa nini tusiwafundishe hawa?

Kuna dada mmoja kwenye kikundi cha umwagiliaji ninachokihudumia. Alianza kama mwandishi wa dizeli ya pawatila ya kikundi, yaani anaandika lita zilizotoka na ekari zilizolimwa. Leo anaendesha lori la miwa. Mama yake mdogo alimwambia, "Utaolewa na nani ukinuka dizeli?" Wazee wa kikundi nao walikuwa na wasiwasi wao. Hakubishana nao. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na daftari lake mkononi. Ngazi zenyewe ni hizi.

1. Anza na pawatila

Pawatila ni shule nzuri kwa sababu ni ndogo, na makosa yake ni nafuu kuliko ya trekta. Hapo mtu anajifunza kupima oili kabla ya kuwasha, kusafisha filta ya hewa, kukaza nati na kusikiliza injini. Jambo moja wengi hawaambiwi: kwenye tambarare ukibana klachi ya usukani ya kulia, mashine inakata kulia. Kwenye mteremko mkali inaweza kukata kushoto, kwa sababu tairi uliloliachia ndilo linalokimbia. Kwa hiyo mteremkoni shika gia ndogo, geuza kwa nguvu ya mikono taratibu, klachi za usukani usiziguse.

Mfundishe mtu kiangazi, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Msimu ukianza kila mtu ana haraka na hakuna wa kumvumilia mwanafunzi.

2. Daftari ndilo shahidi wako

Hapa ndo siri ya somo lote. Mwanaume akisema "naendesha trekta" watu wanamwamini. Mwanamke ataulizwa, "Kweli?" Jibu liwe kwenye daftari: tarehe, shamba la nani, saa za injini mwanzo na mwisho, lita za dizeli, ekari, na matengenezo yaliyofanyika.

Jifunze pia kukadiria kazi. Chukua plau ya upana wa mita 0.9, trekta linakwenda kilomita 5 kwa saa. Zidisha 0.9 kwa 5,000, unapata mita za mraba 4,500 kwa saa. Lakini kuna kugeuza na kusimama, kwa hiyo chukua robo tatu tu: 3,375. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Maana yake ekari itakula kama saa moja na dakika 12. Dereva akitumia saa mbili na nusu, kuna jambo: udongo mgumu, plau imefungwa vibaya, au dizeli imekwenda kwingine. Mwenye hesabu hizi haibiwi, na hawezi kusingiziwa wizi.

Dada yetu, wazee walimkabidhi ufunguo wa trekta baada ya kuona msimu mzima lita na ekari zinakubaliana. Sio kwa huruma.

3. Trekta: leseni na usalama

Leseni ya gari dogo haitoshi. Hapa Tanzania mitambo ya shambani ina daraja lake, G. Anza na leseni ya kujifunzia na upite kwenye mafunzo. Kama ufundi umeujulia kazini, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Waulize, usidharau cheti.

Sasa usalama, na hapa wadada nisikilizeni vizuri. Shafti ya PTO, ile inayozungusha zana nyuma ya trekta, kwa kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika ncha ya khanga, mtandio au nywele ndefu, hupati nafasi ya kupiga kelele. Vaa ovaroli au suruali inayobana kiasi, buti, nywele zifungwe ndani ya kofia. Kinga ya shafti isitolewe. Usishuke kwenda kukwamua zana kabla ya kuzima injini na kuchomoa ufunguo.

Mengine ni haya. Usibebe mtu kwenye madigadi. Ukiingia barabarani, unganisha pedali mbili za breki ziwe kitu kimoja. Ukivuta kitu kizito, funga chini kwenye ndoano ya kuvutia, sio juu, maana trekta linaweza kunyanyuka mbele na kukulalia. Kama lina fremu ya kinga, funga mkanda.

Nguvu za mwili sio hoja kubwa kama watu wanavyodhani. Matrekta mengi ya sasa usukani wake ni wa haidroliki, kiti kinasogezwa, na nati ngumu unailegeza kwa bomba refu.

4. Kutoka tela hadi lori

Aliyezoea kurudisha trekta nyuma likiwa na tela ana mwanzo mzuri: usukani unakata kinyume cha unakotaka tela liende. Lakini huruki moja kwa moja. Unapitia gari la kawaida, daraja D, uzoefu, halafu mafunzo ya magari makubwa na daraja E. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, kinafundisha udereva wa malori.

Jifunze mizani pia. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele yenye tairi mbili mwisho wake ni tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10. Lori la ekseli mbili, jumla tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe. Kama tupu lina tani 7, umebakiwa na tani 11, yaani magunia 110 ya kilo 100. Tajiri akitaka upakie 130, wewe ndiye utakayesimamishwa mizani.

5. Kabla ya kukubali kazi

Uliza haya na yaandikwe: unalipwa kwa ekari, kwa safari au kwa mwezi? Nani analipa chombo kikiharibika? Utalala wapi msimu wa kazi za usiku, na choo kiko wapi? Utingo wako ni nani, na nani alimchagua? Ukisumbuliwa, unamwambia nani? Maswali haya sio ya deko. Nimeona wadada wenye mikono mizuri wameacha kazi, na sio kwamba chombo kiliwashinda, ni kwamba hapakuwa na mahali salama pa kulala.

Kwenu viongozi wa vikundi: wiki hii chagueni watu wawili, mmoja awe mdada, wapeni daftari na pawatila kabla kiangazi hakijaisha. Mkingoja Novemba mtarudi kwenye foleni ile ile.

Kama una swali uliza, nitajibu. Tukutane somo lijalo.