Ducati Panigale V4 inaifaa Singida?

Swali: Naitamani pikipiki ya Panigale V4, ila nasikia mwinuko wa Singida hupunguza nguvu. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, lakini hilo lisikunyime usingizi. Kwenye mita 1,500 hivi hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 15. Kati ya nguvu farasi 214 za toleo la 2018 hubaki zaidi ya 180, ambazo bado ni nyingi mno. Shida ni zinapopatikana: kwenye mizunguko 13,000 kwa dakika, yaani kwa mwendo wa kasi sana. Utasema lami ipo toka Manyoni hadi Iguguno. Naam, ila kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na matuta hayaishi. Ukiingia barabara ya vumbi, rimu za inchi 17 na shokapu fupi zitakutesa. Kama lazima iwe ya Kiitaliano, DesertX ya Ducati, yenye rimu ya mbele ya inchi 21, inastahili zaidi pesa zako.