Nungu wa Noeli

Ni tarehe 24 Desemba, asubuhi. Katika mji wa Goma baridi ya usiku ingali katika mawe meusi ya volkano. Mtu mmoja anasukuma chukudu yake barabarani. Chukudu ni ile baiskeli ya mbao, isiyo na mnyororo wala kiti, ambayo watu wa Kivu huitumia kwa kuchukua mizigo. Juu yake pana gunia la viazi, kabichi nne, na kitu cha mviringo kilichofungwa katika kitambaa cheupe. Mtu yule anasimama mbele ya nyumba moja.

— Hodi!

— Karibu, baba!

Watoto watatu wanatoka mbio. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 12. Wa pili ni dada yake wa miaka 9. Wa tatu ni kitinda mimba. Hajafika miaka 5, lakini ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Wanajua kitambaa kile. Ndani yake mna jibini, ambayo watu wengi wa Goma huiita fromaji. Imetoka Masisi kwa mjomba wao, anayefanya kazi katika nyumba ya kutengenezea jibini.

Mama anafungua kitambaa, naye ananyamaza kidogo. Miaka mingine mjomba hutuma jibini mbili kubwa. Mwaka huu ametuma moja tu, tena ndogo, kilo moja. Na nusu yake si yao: ni ya jirani, kwa maana mama alikopa kuku wawili kwake akamwahidi jibini. Inabaki nusu kilo. Kesho, baada ya misa, watakuja kula watu 20.

— Haitatosha, asema mama.

— Tukate vipande vidogo vidogo, asema mvulana.

— Tufanye nungu! asema dada yake. Kila kipande kiwe juu ya mwiba wake.

Mama anacheka. Neno la msichana ni jema. Hata Ujerumani watu walizoea kufanya mnyama wa namna hii siku za karamu, nao humwita kalunguyeye wa jibini. Lakini huko Kivu watoto wanamjua zaidi nungu, maana huja usiku kuchimba viazi na mihogo shambani.

Jibini ni nini? Ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, yakatiwa chumvi. Milima ya Masisi ina majani mengi na hewa ya baridi, nayo inafaa sana kwa ng'ombe. Tangu zamani wafugaji wa huko walijua kunywa maziwa na kusukasuka maziwa katika kibuyu ili wapate siagi. Jibini hawakuijua. Ufundi wake waliuleta watu wa Ubelgiji katika karne ya 20, na watu wa Masisi wakajifunza, hata siku hizi wenyeji wenyewe ndio mafundi.

Fundi hupasha maziwa moto kidogo tu, yawe vuguvugu kama maziwa yanayotoka katika kiwele. Kisha hutia dawa ya kugandisha, ambayo asili yake ni tumbo la nne la ndama anyonyaye. Baada ya muda maziwa huwa mazito kama uji uliopoa. Fundi huyakata kwa kisu kirefu, na maji ya rangi ya kijani-manjano hutoka. Maji hayo hayatupwi. Nguruwe huyapenda sana. Kilichobaki hutiwa katika kifinyangio chenye matundu na kugandamizwa kwa kitu kizito. Halafu jibini hulowekwa katika maji ya chumvi, na mwisho huwekwa juu ya mbao katika chumba cha baridi. Hapo hukaa majuma kadhaa. Kila mara hupanguswa na kugeuzwa, upande wa chini uwe juu. Fundi mvivu akisahau kuigeuza, huota ukungu na kuoza upande mmoja.

Ili kupata kilo moja ya jibini, hutakiwa karibu lita 10 za maziwa. Kwa hiyo jibini ya mama ilikuwa ndoo nzima ya maziwa! Na maziwa hayakupatikana sikuzote. Mwaka 1993 vita viliingia Masisi, na katika miaka iliyofuata ng'ombe wengi sana waliibwa au kuchinjwa. Nyumba nyingi za jibini zilifungwa. Wengine walianza tena na ng'ombe wawili au watatu.

Basi, mchana ule ule kazi ikaanza. Baba alipasua mwanzi akachonga vijiti 60, virefu kama kidole cha kati. Alivikwangua vyote, visiwe na vibanzi vya kuchoma ulimi, akaacha ncha upande mmoja tu. Mama alivichemsha katika maji, akavianika juani.

Siku ya Noeli, kulipokucha, mama alileta jibini mezani. Aliikata asubuhi kwa sababu jibini ikipata joto hushikamana na kisu. Watoto walinawa mikono kwa sabuni. Mama alikwangua ganda la nje, akakata vipande vya pembe nne, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba. Mvulana alihesabu: vipande 60.

— Watu 20, kila mtu vipande vitatu, akasema. Vinatosha kabisa, wala hakuna kitakachozidi.

— Basi wewe ndiwe mlinzi wake, mama akamjibu, akaenda jikoni kutazama kuku.

Msichana alichukua nusu ya kabichi akailaza juu ya sahani, upande uliokatwa ukiwa chini. Ndio mwili wa nungu. Kwa pua alichomeka ncha ya karoti. Kwa macho alitaka maharagwe mawili mekundu, akayachukua katika gunia.

— La, mwanangu, mama akaita kutoka jikoni. Haragwe bichi lina sumu, na mdogo wako anaweza kulila. Chukua yaliyopikwa jana.

Mvulana akatoka nje kuteka maji. Hakukawia. Aliporudi, akahesabu tena kama mlinzi mwema afanyavyo. Vipande 54! Akahesabu mara ya pili. 54. Akatazama chini ya meza. Kitinda mimba alikuwa ameketi pale, mashavu yamevimba kama ya panya buku, naye hakuweza kusema wala kumeza.

Mvulana akainua mkono ampige. Mama akatokea mlangoni.

— Nani alikuwa mlinzi?

Mvulana akashusha mkono. Akakaa kimya, akitazama sahani. Vipande sita vimekwisha, na wageni hawatapungua. Mwisho akasema kwa sauti ndogo:

— Mimi sitakula vyangu vitatu.

— Na mimi vyangu, asema dada yake, ingawa macho yake yalijaa machozi, kwa kuwa yeye ndiye aliyependa jibini kuliko wote nyumbani.

Wakachomeka vijiti. Vya mgongoni viliinamia nyuma, kwa maana miiba ya nungu wa kweli hulala nyuma. Tena si miiba kama ya mti. Ni nywele ngumu. Watu husema kwamba nungu huirusha kama mishale. Si kweli. Huirudisha nyuma mwili wake kwa nguvu, na miiba humwingia adui na kung'oka. Kati ya vipande vya jibini msichana alitia tomati ndogo na nanasi, rangi zipendeze. Lakini upande wa mkia palibaki mahali patupu. Waligeuza sahani, mahali pale pakaelekea ukutani, wakamfunika nungu kwa kitambaa kibichi asikauke.

Baada ya misa wageni wakafika. Kitambaa kilipoondolewa, wote wakapiga makofi. Kila mtu alichukua vijiti vyake vitatu, akala, na vijiti vitupu vikakusanywa katika kikombe, watoto wasivichezee.

Nyanya yao hakupiga makofi. Aliizunguka meza polepole akiegemea fimbo yake, akainama akatazama nyuma ya nungu.

— Huyu amepungukiwa miiba. Amepigana na nani?

— Na chui, nyanya, akajibu mvulana, akimtazama mdogo wake. Chui mdogo sana.

Kitinda mimba akajificha nyuma ya nguo ya mama. Nyanya akaketi. Akatazama mikono mitupu ya mvulana na ya dada yake. Akala kipande kimoja, akasema meno yake yaliyobaki yamechoka, akawapa viwili vilivyosalia, kila mtoto kimoja.

Maneno ya kueleza: kitinda mimba — kiwele — kifinyangio — vibanzi — kugandamiza.

Maswali. Kwa nini mama alikata jibini asubuhi mapema? Kwa nini msichana hakutumia maharagwe mabichi? Eleza kwa maneno yako jinsi maziwa yanavyogeuka kuwa jibini. Fundi ana lita 40 za maziwa: atapata karibu kilo ngapi za jibini? Mvulana alikula vipande vingapi siku ile? Na kitinda mimba, je? Chora nungu wa Noeli, ukionyesha mahali patupu.