Uzito wa Bunduki ya Kujilinda na Vifaa Vinavyofungwa Juu Yake

Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya walaji wa Makoko na maeneo mengine ya Musoma, Bunda na Butiama ambao wanamiliki, au wanakusudia kuomba kumiliki, bunduki ya mtutu mrefu kwa ajili ya ulinzi wa nafsi na mali. Walaji hao ni wachache, lakini fedha wanazotumia ni nyingi, na kosa la manunuzi katika bidhaa hii haliishii mfukoni mwa mnunuzi.

Jembe likishanunuliwa, manunuzi yamekwisha. Bunduki ikishanunuliwa, manunuzi ndiyo kwanza yanaanza. Muuzaji atamwonyesha mteja darubini, tochi ya kufunga kwenye mtutu, miguu miwili ya kuisimamishia, mfuko wa risasi wa kufunga kitakoni, mkanda, na vishikio vya kila namna. Kila kimoja, kikitazamwa peke yake mezani, ni chepesi na kina maelezo mazuri. Shida huanza vinapokutana juu ya bunduki moja.

Tuanze na hesabu. Bunduki ya kawaida ya kufyatua risasi moja moja huweza kuwa na uzito wa kilo 3.2 ikiwa tupu. Darubini pamoja na vishikizo vyake huongeza takriban gramu 600. Tochi na kibano chake, gramu 200. Miguu miwili, gramu 400. Risasi kumi za ukubwa wa .308 hukaribia robo kilo. Mkanda, gramu 150. Jumla ni kilo 4.8. Lee-Enfield waliyobeba askari wa King's African Rifles ilikuwa na uzito wa kilo nne hivi, nao walikuwa vijana waliofunzwa kwa miezi na kupimwa afya kabla ya kuipokea. Mwenye nyumba wa miaka hamsini, aliyeamshwa na kelele saa nane za usiku, ameuziwa mzigo mzito kuliko wao.

Uzito, hata hivyo, una upande wake mwema, na haitakuwa haki kuunyamazia. Bunduki nyepesi mno hupiga teke. Risasi ile ile ikifyatuliwa kwenye bunduki mbili, iliyo nyepesi zaidi humrudia mfyatuaji kwa nguvu zaidi begani, naye akishaonja teke hilo huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Kwa hiyo hatumshauri mlaji atafute bunduki nyepesi kuliko zote dukani. Tunamshauri aulize juu ya kila kifaa: uzito huu unanipa nini, na umekaa wapi?

Swali la pili, la mahali uzito ulipokaa, ndilo linalosahauliwa, ingawa mtu wa mwaloni analifahamu vizuri kuliko muuzaji wa silaha. Mtumbwi uliopakiwa nyavu na samaki wote upande wa omo haupigiki kasia sawasawa, hata kama mzigo wenyewe ni mdogo. Bunduki ni vivyo hivyo. Gramu 200 zilizofungwa sentimita 80 kutoka begani huuelemea mkono sawa na gramu 400 zilizofungwa sentimita 40 kutoka begani. Ni kifaa kile kile na bei ile ile, lakini kikisogezwa mbele mara mbili, mkono hulipa mara mbili.

Jambo hili mlaji anaweza kulijaribu nyumbani bila kugusa silaha. Achukue mpini wa jembe, autie begani kama anayelenga, mkono mmoja ushike karibu na kidevu na wa pili katikati ya mpini. Afunge chupa ya maji ya nusu lita kwenye ncha ya mbele, kisha ahesabu taratibu mpaka ncha itakapoanza kutetemeka. Halafu aisogeze chupa hiyo hiyo hadi kando ya kiganja cha mbele, ahesabu tena. Tofauti atakayoihisi ndiyo somo lote la mizania ya bunduki. Bunduki iliyopangwa vizuri, ikilazwa juu ya kidole, husimama sawa mahali fulani kati ya mikono miwili. Ikielemea mdomoni, kuna kitu kimefungwa mbele kisichostahili kuwa hapo. Jaribio la kidole lifanyike kwa bunduki tupu tu, iliyokaguliwa chemba kwa macho na kwa kidole, risasi zote zikiwa chumba kingine.

Tukivichambua vifaa kwa kigezo hicho, vichache husimama.

Mkanda ndicho kifaa pekee kinachopunguza mzigo kuliko kinavyouongeza. Huhamisha uzito kutoka mikononi kwenda mabegani, na huacha mikono miwili huru kufungua komeo, kushika simu, au kumchukua mtoto. Mtu asiye na mkanda huiweka bunduki chini anapohitaji mikono yake, na bunduki iliyowekwa chini ni ya yeyote atakayeiokota. Ununuliwe mkanda mpana, wa turubai au ngozi iliyoshonwa mara mbili, na vishikizo vyake vikaguliwe kwa kuvutwa kwa nguvu palepale dukani.

Mpira wa kitako nao hulipa gharama yake. Uzito wake mdogo umekaa nyuma, kwa hiyo huirudisha mizania badala ya kuiharibu, na hupunguza ukali wa teke. Ila huongeza urefu wa kitako. Mwenye mikono mifupi ajipime kwanza, akiwa amevaa nguo anazovaa usiku.

Darubini inahitaji maneno magumu kidogo. Kutoka mlango wa nyumba hadi uzio, katika viwanja vya Makoko, mara nyingi ni hatua ishirini au thelathini. Kwa umbali huo darubini ya kukuza mara tisa humwonyesha mtazamaji kitufe cha shati na kumficha mtu aliyevaa shati hilo, pamoja na mtu wa pili aliyesimama kando yake. Gizani, darubini ya kawaida haioni pasipo mwanga wa kutosha. Vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki vinatosha kwa kazi hii, na havina betri wala kioo cha kuvunjika. Asiyeviona vizuri kwa sababu ya umri anaweza kufikiria kilengeo cha nukta, ambacho aina zake nyingi hazifiki gramu 200. Miguu miwili ni ya mwindaji anayelala kifudifudi nyikani. Hatuoni kazi yake katika ulinzi wa nyumba.

Sasa tochi. Hapa tunaomba msomaji asiharakishe.

Ulinzi wa usiku bila mwanga ni hatari tupu, na hilo hatubishani nalo. Lakini tochi iliyofungwa kwenye mtutu ina tabia moja ambayo tangazo halitaji: ili mwenye bunduki aone kitu, ni lazima aelekeze mdomo wa bunduki kwenye kitu hicho. Atakachomulika kwanza, amekwisha kukilenga. Makoko ni kata ya ufukweni. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na kazi yao hushamiri siku za giza, mwezi ukiwa haupo, kwa maana mbalamwezi huishinda nguvu taa yao. Maana yake ni kwamba usiku ulio mweusi kuliko wote, ule ambao mwenye nyumba huogopa zaidi, ndio usiku ambao jirani zake wengi wako njiani, wakienda mwaloni au wakirudi kabla ya alfajiri, wamebeba vitu mabegani na hawasemi sana kwa uchovu. Kuna pia kijana wa nyumba aliyechelewa, mgonjwa anayeomba msaada, na mwanamke anayewahi kuanika dagaa. Kila mmoja wao, kwa tochi ya mtutuni, hutambuliwa akiwa ameshaelekezewa silaha na mtu aliyetoka usingizini.

Ushauri wetu ni tochi ya mkononi, yenye mwanga mkali na mpana, inunuliwe kabla ya kifaa chochote kingine, pamoja na taa ya nje inayowashwa kutoka ndani. Hiyo haiongezi hata gramu moja juu ya bunduki, na mara nyingi humaliza jambo yenyewe: mwizi humulikwa akakimbia, jirani humulikwa akataja jina lake. Anayeshikilia kuwa na tochi juu ya silaha aifunge karibu na kiganja cha mbele, na bado atangulize ile ya mkononi.

Kuna sababu nyingine ya kulisisitiza hili. Risasi ya bunduki ya mtutu mrefu haisimami ukutani. Hupenya mabati, mbao na kuta nyingi za tofali, huruka juu ya maji ikagonga na kuendelea, na ng'ambo ya uzio wa Makoko kuna ama nyumba nyingine ama ziwa lenye mitumbwi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya mtu kujilinda na kulinda mali yake, lakini inamwajibisha anayetumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika. Mahakamani hakuna atakayeuliza darubini ilikuza mara ngapi. Swali litakuwa kama ulimwona na kumtambua uliyempiga.

Wasomaji wa Bunda, hasa wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, wanaweza kusema kwamba adui wao ni tembo shambani wala si mwizi. Tunawaelewa. Lakini bunduki ya kujilinda nyumbani haikukusudiwa kwa tembo, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima kuliko aliyeshiba mahindi. Wanyamapori wanasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Njia sahihi ni kuwaita askari wa wanyamapori kupitia ofisi ya kijiji au wilaya, na kuwasilisha mapema taarifa ya uharibifu ili madai ya kifuta jasho yasipotee.

Turudi dukani. Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya 2015, na kibali ni cha mtu aliyetajwa humo. Hakirithiwi na ndugu wala hakiazimwi. Kabla ya kufunga kitu chochote kinachobadilisha mtutu, kitako, sauti au namna ya kufyatua, mlaji aulize kwa maandishi kituo cha polisi kinachohusika na kibali chake. Kauli ya muuzaji kwamba "hiki kila mtu anacho" haimlindi.

Uzito wa vifaa vingi huandikwa kwa aunsi, na mara nyingi bila betri na bila kibano. Aunsi moja ni takriban gramu 28, kwa hiyo kifaa cha aunsi 10 ni zaidi ya robo kilo kabla ya betri. Mlaji ana haki ya kuomba kifaa kipimwe mbele yake kikiwa kamili, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Adai risiti ya EFD inayotaja jina na aina ya kifaa, kwa kuwa neno "vifaa" peke yake halimsaidii akitaka kurudisha bidhaa au kulalamika. Akishuku kwamba kifaa ni bandia, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Dalili za bandia huonekana zaidi kwenye vibano na vishikizo: chuma laini kinachopinda kwa ukucha wa bisibisi, skrubu zisizolingana, maandishi yanayofutika kwa kidole.

Kabla ya kulipa, apime pia kabati lake la chuma. Hili ni dogo na ndilo linaloharibu mengi. Kabati lililonunuliwa kwa bunduki tupu huwa jembamba. Bunduki ikishavishwa darubini na tochi, mlango haufungi. Mwenye nyumba hujiambia ataiegemeza nyuma ya mlango kwa usiku mmoja, na usiku huo mmoja hugeuka mwaka, watoto wakiwa ndani. Kifaa kinachoizuia bunduki kuingia kabatini kirudishwe dukani hata kama kilinunuliwa kwa bei ya punguzo. Risasi zifungiwe mahali pake peke yake, na funguo zisikae pamoja.

Baada ya kufunga kifaa chochote, bunduki ipelekwe kwenye eneo la kulengea shabaha lililoruhusiwa, ikiwa tupu na ndani ya mfuko, kibali kikiwa mkononi. Ifyatuliwe risasi chache, kisha kila skrubu ikaguliwe tena kwa bisibisi, kwani teke la kwanza hulegeza kilichofungwa vibaya. Alama ndogo ya rangi ikipakwa nusu juu ya skrubu na nusu juu ya kibano itaonyesha mara moja kama skrubu imezunguka. Kifaa kilicholegea mara mbili kisikazwe mara ya tatu. Kirudishwe kwa muuzaji pamoja na risiti yake.