Mahari ya Nani, na Mirathi ya Nani? Swali Kutoka Machakos

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu iliyopita lilisomwa swali lililotufikia kutoka Machakos. Tulipolisikiliza tuliona kuwa si swali la mtu mmoja wala la mji mmoja, na kwa hivyo tumelifanya kuwa somo zima, ili kila mwenye haki aijue haki yake, na kila mwenye deni alijue deni lake.

SWALI

Mwenye kuuliza ni mama wa Kikamba, Mwislamu, mjane. Mumewe alikuwa mtu wa pwani aliyehamia Machakos kwa ajili ya biashara. Alipotaka kumwoa alimpelekea baba yake mbuzi wa ntheo, kisha akatoa ngasya kama ilivyo ada ya Wakamba. Siku ya nikaha ikatajwa mahari ya shilingi 200,000, ikasemwa kuwa italipwa baadaye. Na mpaka mume anaingia kaburini haikulipwa hata senti moja. Marehemu ameacha mke huyo na mabinti wawili. Hana mtoto wa kiume, wala wazazi, wala dada. Anaye ndugu mmoja tu, wa baba mmoja na mama mmoja. Ndugu huyo amepanda kutoka pwani, akachukua funguo za duka na hati ya nyumba, akasema: "Huku ni Ukambani, na Ukambani mwanamke harithi. Na habari ya mahari, kwenu mlikwisha kula mbuzi." Mama huyu auliza: Je, mimi na wanangu tuna haki yoyote katika dini, au tufunge mizigo yetu tuondoke?

JAWABU

Kwanza natukumbushane Machakos ni wapi. Mji huo umepewa jina la Masaku, mzee wa Kikamba. Na mwaka 1889, kabla Nairobi haijawa mji, kampuni ya Waingereza ilikuwa imekwisha weka kituo chake hapo. Wapagazi, askari na wachuuzi wa Kiswahili walipita, na wengine wakakaa na kuoa. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 Machakos iliachwa kando, walakini Waislamu hawakuondoka. Na baadaye kikasimama huko chuo cha Machakos Muslim Institute. Basi mtu wa pwani aendapo Machakos haendi mahali pasipojulikana dini. Kila analolifanya huko hutazamwa, na husemwa: "Hivi ndivyo wafanyavyo Waislamu." Je, akisimama mtu huyo akasema mwanamke harithi, ni Uislamu gani aliowafundisha wenyeji wake?

Sasa natulichukue jambo moja moja.

JAMBO LA KWANZA: MAHARI

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika aya ya 4 ya Suratun Nisaa kwamba wanawake wapewe mahari yao, tena kwa moyo mkunjufu. Aliyetajwa kupewa ni mwanamke mwenyewe. Hakutajwa baba, wala mjomba, wala kaka. Kisha aya hiyo hiyo ikaruhusu mume ale kitu katika mahari ikiwa mke mwenyewe ameridhika kumpa. Na mtu haombwi radhi ila katika kitu kilicho chake! Katika aya ya 20 ya sura hiyo akakatazwa mume anayetaka kubadilisha mke asirudishe chochote, hata kama alimpa yule wa kwanza mali nyingi mno.

Na Mtume (s.a.w.) alipotaka kumwoza mtu maskini alimwambia atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa, alimwoza kwa ile Kur-ani aliyokuwa ameihifadhi. Twajifunza mambo mawili hapa: mahari haihitaji kuwa nyingi, lakini haikosi kuwako, na manufaa yake humrudia mwanamke.

Basi ntheo na ngasya ni nini? Ni zawadi za jamaa, na ndoa ya Kikamba husimama juu yake. Na sisi wa pwani tunazo zetu: kilemba cha baba na mkaja wa mama. Zawadi kama hizi, zikitolewa kwa hiari na zisipomwelemea mtu, sheria haikuzikataza. Kosa ni kuziita mahari. Mbuzi aliyeliwa na baba hawi mahari ya binti, kama ambavyo kilemba kilichovaliwa na baba si mahari ya binti. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Kishafii wamekaza jambo hili hata wakasema: mahari ikifungwa kwa sharti ya kuwa baba naye apewe fungu lake, nikaha yenyewe ni sahihi, lakini mahari hiyo huharibika, na mwanamke hustahiki mahari ya mfano, yaani ile wapewayo wanawake walio kama yeye katika jamaa zake.

Katika swali letu mahari ilitajwa, nayo ni shilingi 200,000. Haikulipwa. Kwa hivyo ni deni katika mali ya marehemu, sawa na deni la mwenye kumwuzia sukari na unga wa dukani. Na deni hutangulia mirathi, kwani aya za mirathi zenyewe zimekariri kuwa mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiloliachia kitu cha kulilipa, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulichukua deni lile. Ewe ndugu wa marehemu! Wewe uliyemlilia nduguyo msibani, wamwachaje akiwa amefungwa na deni, na hali fedha ziko mkononi mwako? Wahenga wamesema: dawa ya deni ni kulipa.

JAMBO LA PILI: MIRATHI

Jambo hili si geni. Limetokea Madina, na kwa sura hii hii hasa. Saad bin Rabii, sahaba wa Kiansari, aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Aliacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake akaichukua mali yote, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya Waarabu wa zama zile: mwanamke harithi, wala mtoto harithi, hurithi mwenye kushika silaha. Mjane wa Saad hakukaa nyumbani akalia. Aliwachukua binti zake akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akasema wazi kuwa ami yao amechukua mali, na kwamba wasichana wasio na mali hawataolewa. Hapo zikateremka aya za mirathi. Mtume akamwita yule ami, akamwamrisha awape mabinti thuluthi mbili, na mama yao thumni, kisha kinachobakia kiwe chake.

Tazameni, ndugu zetu: mwanamke mmoja mjane, mwenye kudai haki ya wanawe, ndiye aliyekuwa sababu ya hukumu ambayo Waislamu wote wanaifuata tangu siku ile. Na hukumu ile ndiyo jawabu ya mama wa Machakos, herufi kwa herufi.

Natuipige hesabu. Tuchukulie kuwa nyumba na duka na vilivyomo vina thamani ya shilingi 2,700,000. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni ya watu, tuseme shilingi 100,000. Kisha hutolewa mahari ya mke, shilingi 200,000. Hubakia 2,400,000, na hii ndiyo mirathi. Huigawa mafungu 24:

Mke: thumni, kwa kuwa marehemu ana watoto. Mafungu 3, yaani shilingi 300,000.
Mabinti wawili: thuluthi mbili. Mafungu 16, yaani shilingi 1,600,000. Kila mmoja 800,000.
Ndugu: kinachobakia. Mafungu 5, yaani shilingi 500,000.

Jumla ni mafungu 24, na shilingi 2,400,000. Mke, pamoja na deni la mahari yake, atapokea shilingi 500,000. Na huyu bwana aliyesema mwanamke harithi, sheria imempa fungu lake, wala haikumdhulumu. Lakini kila binti amemzidi kwa shilingi 300,000.

Hapa wako watakaosema: "Si tunajua kuwa mwanamke hupata nusu ya mwanamume?" Twajibu: hayo ni mwana na binti, au kaka na dada, wanaporithi pamoja, na mwanamume naye amebebeshwa mahari na nafaka, mambo ambayo mwanamke hakubebeshwa. Ama kuifanya nusu kuwa kanuni ya kila mahali ni kutosoma. Baba na mama wa marehemu aliyeacha mtoto wa kiume, kila mmoja hupata sudusi, sawasawa. Ndugu wa kwa mama, wanaume na wanawake, hugawana sawasawa. Na hapa mmeona binti amepata zaidi ya ami yake.

Na ikiwa mabinti hawa bado ni wadogo, basi jambo ni zito zaidi, kwani aya ya 10 ya sura hiyo hiyo imewaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma kuwa wanachokitia matumboni mwao ni moto. Tena huyu ami ndiye walii wao: siku ya posa yeye ndiye atakayeketi kuwaoza. Ataketi kwa uso gani, naye amekula sakafu waliyolelewa juu yake?

JAMBO LA TATU: TUSIWACHEKE WATU WA BARA

Msomaji wetu wa Mombasa, au Lamu, au Malindi, asidhani kuwa maneno haya ni ya Wakamba. Huyo aliyechukua funguo za duka ni mtu wa kwetu; ada ya Kikamba ameikumbuka pale ilipomfaa. Na huku kwetu, ni dada wangapi walioitwa barazani wakaambiwa, "Wewe umeolewa, una mumeo, waachie kaka zako nyumba ya baba"? Dada huona haya, huogopa kuitwa mwenye tamaa, akaweka dole gumba, akarudi kwake na doti ya kanga. Je, hiyo ni radhi? Radhi ya haya na hofu si radhi. Anayetaka kumwachia nduguye na amwachie baada ya kukabidhiwa fungu lake mkononi, akalijua kiasi chake.

Wazee wetu walikuwa na mengi bora kuliko haya. Lamu walikuwako wenye kumpa binti nyumba anapoolewa, asije akafukuzwa na mtu. Na Mombasa wanawake walimiliki majumba, wakaweka wakfu. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alihimiza wasichana wasomeshwe, kwani asiyesoma hajui alichonyang'anywa.

JAMBO LA NNE: NJIA YA KUDAI

Sheria ya nchi haipingani na mama huyu. Sheria ya urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981. Na mwaka 1990 ikarekebishwa, mali ya Mwislamu ikaachwa igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeziweka mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi, ikiwa wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Ndugu akikataa kwenda kwa kadhi, iko Mahakama Kuu, nayo katika mali ya Mwislamu hufuata sheria hiyo hiyo. Wala si halali mtu kuuza au kujichukulia mali ya maiti kabla ya kupewa idhini na mahakama. Kufanya hivyo ni kosa la kuadhibiwa.

Basi mama huyu na akusanye cheti cha kifo, cheti cha nikaha, na majina ya waliohudhuria mahari ilipotajwa. Aandike orodha ya mali yote. Kisha aende kwa kadhi. Kwanza lakini na amtume mzee mwenye hekima kwa shemeji yake, kwani sulhu ni kheri, maadamu sulhu hiyo haipunguzi fungu lililowekwa na Mwenyezi Mungu bila ya radhi ya mwenyewe.

Na kwa walio na wake wasio Waislamu, jambo ambalo ni la kawaida huko bara, wajue kuwa mke huyo harithi, lakini mahari yake ni deni vile vile, na mume aweza kumwusia mpaka thuluthi ya mali yake. Na aandike wasia huo akiwa hai na akili zake timamu.

MWISHO WA SOMO

Masruq, mmoja wa wanafunzi wa sahaba, amesimulia kuwa aliwaona wakubwa wa sahaba wakimwuliza bibi Aisha (r.a.) mambo ya mirathi. Wanaume wale waliopigana Badr na Uhud hawakuona aibu kuketi wakafundishwa hesabu ya mafungu na mwanamke. Sisi leo twaona aibu hata binti zetu wasikae pembezoni mwa darsa wakasikiliza. Kila baba na amfundishe binti yake aya hizi za Suratun Nisaa, kama anavyomfundisha Alhamdu. Na kila mwenye kuoa na aandike mahari, ailipe mapema, na kilemba akiite kilemba.

Dada yetu wa Machakos, usifunge mizigo. Nyumba hiyo ni yako na ya wanao kabla haijawa ya mtu mwingine. Na wewe ndugu wa marehemu, rudisha funguo, chukua mafungu yako matano kwa halali, na Mwenyezi Mungu atakubarikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Swali la kufanyia kazi mpaka darsa ijayo: Lau marehemu angaliacha mke, binti mmoja na ndugu mmoja, kila mmoja angalipata mafungu mangapi katika 24?

Wallahu aalam, wabillahi ttawfiq.