Mbona kimeng'enya kilichofungwa hukata kaseini polepole?

SWALI: Katika maabara ya chuo tumefunga tripsini kwenye punje za kitosani ili ivunje protini za maziwa. Mbona inakwenda taratibu kuliko tripsini iliyoyeyushwa? Kuna faida gani basi?

JIBU: Msivunjike moyo, matokeo hayo ni ya kawaida. Kaseini, ambayo ni takriban asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe, hukaa katika mafungu yenye upana wa nanomita 100 hadi 200 hivi. Mafungu hayo hayapenyi vitundu vyembamba vya punje, kwa hiyo tripsini iliyo ndani hukaa bila kazi na ile ya juu ndiyo inayokata.

Tumieni punje ndogo zaidi na maziwa yaliyoondolewa mafuta, maana mafuta huziba uso wa punje. Pima pH iwe karibu na 8. Ikishuka hadi 4.6, kaseini itaganda.

Faida ni udhibiti. Tripsini huru huendelea kukata mpaka uipashe moto, tena hujikata yenyewe. Iliyofungwa unaichuja, kazi inasimama papo hapo, kisha unaiosha na kuitumia tena. Hilo ni muhimu, kwa sababu kukata kupita kiasi kunaweza kuzalisha peptidi chungu.

Nawasihi jambo moja: msimpe mtoto mwenye mzio wa maziwa mlichotengeneza. Vipande vichache visivyokatika vyatosha kumdhuru.