Njia ya Kwanza kwa Gari la Kwanza

Somo la safari hii halihusu wizi wa mifugo wala magendo. Linahusu jambo ambalo kwa asili yake ni la furaha: mtu amenunua gari lake la kwanza la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lile ambalo mitaani tunaliita foo-wili, naye anatafuta mahali pa kujifunzia kuliendesha nje ya lami.

Siku hizi gari la namna hiyo si mali ya serikali na mashirika peke yake. Mwalimu huliweka akiba mwaka hata mwaka. Mfanyabiashara wa mbuzi huuza sehemu ya kundi lake. Vijana wa kikundi huchangishana na kuagiza lililokwisha kutumika Japani. Wiki ya kwanza ni ya shangwe. Lakini funguo mpya huja na hamu kubwa kuliko ujuzi, na hamu hiyo ndiyo inayoliingiza gari katika tope, katika korongo, au katika shamba la mtama la mtu mwingine. Anayeitwa usiku kulitafuta ni sisi. Anayeombwa kusukuma ni mwananchi ambaye hakuulizwa neno wakati njia ilipokuwa ikichaguliwa.

Kwa sababu hiyo tunataka kulitangulia jambo hili kwa mafundisho. Njia ya kuanzia haipimwi kwa uzuri wa mandhari wala kwa ugumu wa kujisifia. Hupimwa kwa maswali mawili: Je, naweza kugeuza gari na kurudi kule nilikotoka? Na je, watu wa njia hiyo wanajua kwamba nimo humo? Ambaye hawezi kujibu ndiyo kwa yote mawili hajapata njia ya kuanzia.

1. Sifa za njia ya mwanafunzi

Kwanza, iwe fupi. Kilomita 10 hadi 15 za kwenda, na nyingine kama hizo za kurudi, zinatosha kabisa kwa siku ya kwanza. Mwendo nje ya lami ni wa polepole, na kilomita moja mbaya huweza kula saa nzima.

Pili, iwe imekwisha kupitwa na magari. Kujifunza si kufungua njia mpya porini. Anayekata nyika huharibu malisho, hutoboa matairi kwa miiba, na huacha alama ambazo wengine watazifuata wakidhani ni barabara.

Tatu, iwe na nafasi ya kugeuzia gari mara kwa mara, na ardhi ya namna moja kwa sehemu kubwa: changarawe au udongo mgumu. Mchanga, mawe na miteremko vijifunzwe kimoja kimoja, kila kimoja na siku yake.

Nne, iwe karibu na watu na mtandao wa simu. Miinuko ya Mlima Moroto, wenye urefu wa mita 3,083, na miteremko inayoshuka kuelekea Turkana ina uzuri usio kifani, lakini si darasa la kwanza. Vitakuwapo hata mwakani.

2. Namna ya kuitafuta

Ramani ya simu ni msaada, lakini haijui kwamba mvua ya juzi imebomoa ukingo wa kivuko, wala haitofautishi sikuzote barabara ya gari na njia ya ng'ombe. Wanaojua ni watu. Muulize mwenyekiti wa LC1. Ng'ambo ya pili muulize chifu au mzee wa kijiji. Waulize madereva wa malori ya mifugo, kwa kuwa wao hupita kila wiki ya soko. Kijana wa bodaboda naye ni shahidi mzuri, ila kumbuka kwamba pikipiki hupita mahali ambapo gari hukwama. Basi usimwulize tu, "Njia inapitika?" Mwulize, "Gari lilipita lini mara ya mwisho, na lilikuwa gari la aina gani?" Jibu la swali hilo lina faida mara kumi.

Mahali pazuri pa kuanzia ni barabara za changarawe zinazounganisha vituo vya biashara. Ni pana, zina watu, na zinamfundisha dereva jambo la msingi: namna gari linavyoteleza juu ya kokoto pale breki zinapokanyagwa kwa nguvu. Hatua ya pili yaweza kuwa njia zilizotengwa ndani ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Pian Upe, kusini mwa Karamoja. Huko utalipa kiingilio, utawauliza askari wa wanyamapori ni njia zipi zilizo wazi msimu huo, na hutaruhusiwa kuziacha. Sharti hilo ni ulinzi kwa mwanafunzi, si kizuizi.

Ukiisha kuipata njia, itembee kwa miguu japo sehemu zake za mashaka. Mguu huona shimo ambalo jicho la aliye nyuma ya usukani halilioni.

3. Udongo na msimu

Mvua za Karamoja huanza kwa kawaida mwezi wa Aprili na kuendelea, kwa vipindi, hadi karibu na Oktoba. Anayeanza kujifunza na aanze katika miezi ya ukavu, Novemba hadi Machi. Sababu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi uliotanda katika mabonde yetu. Ukikauka huwa mgumu kama tofali. Ukinyeshewa hunata, hujaza mifereji ya matairi hadi yakawa laini kama yai, na hapo nguvu ya magurudumu manne haina faida tena. Kipimo chake ni rahisi: shuka, tembea hatua kumi. Ukiona viatu vimekuwa vizito kwa tope, geuza gari.

Kuna sababu nyingine, nayo si ya dereva. Gari linalolazimisha njia wakati wa tope huacha mifereji mirefu, na jua likitoka mifereji hiyo hukauka ikawa kama kuta. Kesho yake bodaboda iliyombeba mama mjamzito kwenda zahanati itapita hapo. Raha ya alasiri moja isiwe mzigo wa kijiji kizima msimu mzima.

4. Makorongo ya mchanga

Mito mikavu ya mchanga, ambayo kaskazini mwa Kenya huitwa laga, huwavutia sana wenye magari mapya. Ni mipana na huonekana kama barabara iliyotandikwa na Mungu. Tunasema kwa msisitizo: humo si mahali pa kuegesha gari, si mahali pa kupumzikia, si mahali pa kulala. Mvua huweza kunyesha mlimani, mbali nawe, nawe juu yako ni anga jeupe. Kisha maji yakashuka kwa ghafla. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuliondoa gari dogo, na yenye kina cha sentimita 60 huweza kulichukua hata gari kubwa. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ukikuta maji yanakwenda, mwanafunzi havuki. Ngoja ng'ambo yako; mara nyingi mafuriko ya namna hiyo hupungua baada ya saa kadhaa.

Kivuko kikiwa kikavu, vuka mahali palipozoeleka tu, na uvuke moja kwa moja bila kusimama katikati. Wengi hupunguza upepo wa matairi kabla ya mchanga, kutoka psi 35 hadi kama psi 20 kwa gari lisilo na shehena, ili tairi litanuke na lisizame. Usifanye hivyo kama huna pampu ya kurudishia upepo, kwa maana kwenda kasi barabarani kwa matairi legevu huyapasha moto na kuyapasua.

5. Malisho, manyata na mpaka

Nchi yetu ina kumbukumbu ya uvamizi. Mchungaji anapoona gari asilolijua likiacha barabara jioni na kuelekea maji ya mifugo, moyo wake haufikirii mazoezi. Unafikiri usalama wa ng'ombe na watoto. Hofu hiyo haikuzaliwa bure, nasi hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo mazoezi yafanyike mchana, na yaishe mapema kabla ya jua kutua. Ukifika karibu na manyata, simama, shuka, salimu, jitambulishe na useme unakokwenda. Usipige honi katikati ya kundi wala kulifukuza kwa gari. Usipite ndani ya shamba hata kama mavuno yamekwisha kuondolewa, maana ukingo uliobomolewa leo ni maji yatakayopotea msimu ujao.

Kuhusu mpaka, sehemu nyingi hazina ua wala jiwe linaloonekana. Njia uliyoifuata kwa nia njema yaweza kukutoa Uganda na kukuingiza Kenya, au kinyume chake, pasipo wewe kutambua. Kuvuka mahali pasipo rasmi ni kosa hata kama hukubeba kitu. Chagua basi njia isiyoelekea mpakani. Ukitaka kuvuka, pita katika kituo rasmi ukiwa na kitambulisho cha taifa au pasipoti, kadi ya gari, kibali cha muda cha gari, na bima inayotambulika pande zote mbili, kama vile Kadi ya Njano ya COMESA.

Nasi pia tuna wajibu wetu. Askari anayekusimamisha anapaswa kukusalimu, kujitambulisha na kukueleza sababu. Dereva aliyetoa taarifa kituoni kabla ya kuondoka hutupunguzia mashaka sisi na wananchi, na asiporudi kwa wakati tunajua pa kuanzia kumtafuta.

6. Mfano wa siku njema

Tuchukue mfano wa vijana wawili wenye gari la pamoja. Wamemwomba jirani mwenye gari la pili awasindikize, kwa kuwa gari moja likikwama la pili hulivuta. Wamebeba tairi la akiba, jeki na ubao wa kuikalisha juu ya udongo laini, sepetu, kamba imara, pampu, sanduku la huduma ya kwanza na maji ya kunywa ya kutosha. Wamewaambia wazee wao na kituo cha polisi njia yao na saa ya kurudi. Wanaondoka saa moja asubuhi.

Kwenye lami hawajaunganisha magurudumu manne, kwa sababu katika magari mengi ya namna hiyo kufanya hivyo juu ya lami kavu huumiza mashine. Wanapofika kwenye kokoto laini ndipo wanapounganisha. Penye mteremko wanaweka gia nzito na kuiachia injini ishike gari; hawaweki gia huru, wala hawapandi kilima kwa ubavu.

Kwenye kilomita ya 9 wanakuta ukingo wa kivuko umemeguka. Mmoja anasema, "Zimebaki kilomita tatu tu, tumekwisha kufika." Mwenzake anashuka, anatembea, anakanyaga ukingo, udongo unaporomoka chini ya kiatu chake. Wanageuka. Saa sita wako nyumbani, gari zima, bila kisa cha kusimulia. Jioni wanampigia simu mwenyekiti wa kijiji kumweleza hali ya kivuko, ili wengine wasidhurike.

Safari hiyo imefaulu kuliko ile ya kufika mwisho wa njia. Aliyejifunza kugeuka siku ya kwanza amejifunza jambo ambalo madereva wengi hulipata baada ya hasara.

Maswali ya kujadiliwa katika mikutano ya vijiji

Ni njia zipi za eneo letu tunazoweza kuwaonyesha madereva wanaoanza, na zipi tuwakataze kabisa? Ni nani katika kijiji chetu atapokea taarifa ya gari linaloingia malishoni? Gari likikwama, tutasaidiaje, na mwenye gari atawashukuruje waliomsaidia? Je, pande zote mbili za mpaka zinaarifiana pale kivuko kinapobomoka?

Kwa dharura upande wa Uganda, piga 999 au 112. Kwa mambo yasiyo ya dharura, tukutane kituoni au katika mkutano. Tungependa kulijua gari lako jipya siku ya furaha, kabla ya siku ya kulitafuta.